Picha Inayotuaibisha: Je, Nimwambie Mwenzangu Aitazame?

Neno "itazame" ni jepesi mdomoni, lakini mzigo wake si mdogo. Ukimwambia mwenzako, "Bwana, kuna picha moja, itazame usiku huu," umemtoa pesa ya bando, umemkata usingizi wa saa mbili, na juu ya yote umemtia kichwani sura za watu ambao hatawasahau upesi. Kesho akikutana na watu wa aina ile atawatazama kwa macho uliyompa wewe. Ndiyo maana nauliza, ndugu msomaji: anayependekeza picha anawajibika kwa nini? Na swali linakuwa gumu zaidi nikiliuliza hivi: ikiwa picha yenyewe inauonyesha mji wetu ukiwa uchi, je, ni halali kumwambia mwenzangu aitazame?

Enzi za mabanda ya video swali hili halikuwasumbua watu. Kaka zetu wanasimulia kwamba mwenye banda ndiye aliyechagua. Ulitoa kiingilio, ukabanana kwenye benchi, ukamsikiliza Lufufu akiifasiri picha ya kigeni kwa Kiswahili chake chenye chumvi, kisha ukaenda zako nyumbani. Ikiwa mbovu, lawama ni za mwenye banda. Leo kila mwenye simu ni mwenye banda. Picha ziko mtandaoni kwa maelfu, na mtu hutazama ile aliyoambiwa na mshikaji wake.

Picha maarufu haina shida, haihitaji mtu wa kuisemea. Filamu za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, hadi leo zinajitembeza zenyewe. Taabu iko kwa picha isiyo na tangazo wala staa anayejulikana. Hiyo ni kama mtu anayeomba mkopo hana dhamana. Lazima atokee mmoja asimame nyuma yake aseme, "Huyu namjua." Mdhamini huyo ni wewe unayependekeza. Na mdhamini, kama tujuavyo, ndiye anayegongewa mlango mambo yakiharibika.

Basi picha ninayotaka kuidhamini leo imepigwa hapa hapa Mwanza. Inaitwa Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin. Aliyeitengeneza ni Hubert Sauper, mtu wa Austria, na ilitoka mwaka 2004. Ulaya ilipewa tuzo, na mwaka 2006 ikawa miongoni mwa filamu tano za matukio ya kweli zilizoshindania tuzo ya Oscar, ingawa ushindi ulikwenda kwa picha ya pengwini. Watu wa sinema wa huko nje wanaijua. Lakini waulize vijana kumi wa Igogo, Mabatini au Nyakato, uone wangapi wameitia machoni. Wengi wamesikia tu kwamba iko picha iliyotutukana.

Ndani yake mna nini? Haina msimuliaji. Kwa dakika 107 kamera inatembea tu na watu. Yumo sangara, samaki aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, akawala furu wetu hata aina nyingi zikatoweka. Vimo viwanda vinavyomkata minofu, na ndege kubwa za mizigo zinazotua uwanja wa Mwanza kuibeba minofu hiyo kwenda Ulaya. Wamo marubani, na wasichana wanaokaa nao baa usiku. Wamo watoto wa mitaani wanaogombania wali. Yumo mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, ambaye anaizungumzia vita kwa utulivu, kana kwamba ni tangazo la ajira. Na yamo mapanki: yale mabaki ya sangara, vichwa na mifupa, yakianikwa kwenye vichanja huku funza wakitambaa, na mama aliyeharibika jicho akiwa hapo kazini. Katikati ya hayo yote mtengenezaji anauliza swali moja tena na tena: ndege hizi zikija kuchukua samaki, huwa zinaleta nini? Rubani mmoja anakiri kwamba amewahi kubeba zana za vita kupeleka Angola.

Mwaka 2006 moto ukawaka. Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aliikemea picha hiyo hadharani, na hapa mjini yakafanyika maandamano ya kuilaani. Huko Ufaransa nako mwanahistoria François Garçon aliipinga kwa maandishi, hata ugomvi wake na Sauper ukafika mahakamani Paris. Sasa hebu jiulize: kati ya walioandamana, wangapi walikuwa wameiona? Mwaka ule kutazama filamu kwenye simu hapa kwetu ilikuwa ndoto. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hawakutuachia methali ya mwenye macho anayeambiwa asitazame.

Hata hivyo siwadharau walioikasirikia. Hoja yao ina uzito. Mgeni anakuja, anapiga picha ya jalala, anapanda ndege, na mtu aliyeketi sebuleni kwake Ulaya anadhani Mwanza nzima ni jalala. Ukiitazama picha ile ni vigumu kujua kwamba mji huu una harusi za Jumamosi, una fundi aliyejenga nyumba kwa pesa ya samaki, una mama aliyesomesha wanawe kwa kuuza dagaa Mwaloni Kirumba. Silaha zenyewe hatuzioni zikishushwa hapa, tunaachiwa kuziwazia. Na juu ya mapanki, wengine walisema ni chakula cha mifugo tu. Hapo lakini na mimi nasema ngoja kidogo. Sisi wa mitaa hii tunajua kwamba panki hukaangwa, likaliwa kwa ugali, na mtu akalala ameshiba. Kulikana panki ni kumkana jirani.

Nilipoitazama kwa mara ya pili tulikuwa watu wanne, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Mmoja wetu alikuwa mama jirani ambaye miaka ya nyuma aliwahi kufanya kazi ya kuanika mapanki. Ilipofika sehemu ile ya vichanja akanyoosha mkono.

"Simamisha hapo, mwanangu."

Nikasimamisha.

"Mimi nimeanika mapanki miaka minne. Sioni aibu, yamenilelea watoto. Funza nawajua, harufu naijua. Lakini huyo mama, mbona hatumwoni akirudi nyumbani? Jioni alipika nini? Watoto wake wako wapi?"

Kijana mwenzangu akadakia, "Kwa hiyo mama, picha ni ya uongo?"

"Sijasema ya uongo. Nimesema haijaisha."

Msomaji, mimi nimesoma mpaka kidato cha nne tu, lakini sidhani kama kuna mhakiki wa chuo angeisema vizuri kuliko hivyo. Kuna watu wanaosema picha ile ni ya uongo kwa kuwa imewatia aibu. Kuna wengine, hasa wa mbali, wanaoamini kwamba ndiyo kweli yote kwa kuwa imewatoa machozi. Wote wawili wamekosea njia ileile, maana wanaipima picha kwa kilichotokea moyoni mwao. Kitu kinaweza kuniaibisha na kiwe kweli. Kinaweza kuniliza na kiwe nusu.

Kwa sababu hiyo naona kupendekeza si kuapa. Nikikwambia "itazame" sikuambii "yote ni kweli tupu". Nakuambia kwamba humu mna jambo ambalo ukilikwepa utakuwa mtu pungufu. Ila mdhamini ana madeni matatu, na asiyeyalipa afadhali anyamaze.

Deni la kwanza ni kuiona picha mwenyewe mpaka mwisho. Kupendekeza kwa kusikia ni ndugu na kulaani kwa kusikia. Wale wa mwaka 2006 tukiwacheka, halafu sisi tukasambaza filamu tuliyoitazama dakika kumi tukilenga kuonekana wajanja, tofauti yetu nao iko wapi?

Deni la pili ni kusema picha inakosa nini, na kuangalia ni nani utakayekaa naye kuitazama. Wale watoto wa mitaani waliopigwa picha zamani zile ni watu wazima sasa. Huenda mmoja wao ni konda wa daladala uliyopanda asubuhi. Utoto wake, pamoja na usiku wake mbaya kuliko yote, uko kwenye simu yako. Kumtumia mtu picha hiyo ili mcheke, au kuikata kipande na kukirusha huku na huku bila maneno, huko siko kupendekeza. Ni kumvua mtu nguo mara ya pili.

Deni la tatu ni kutoiacha picha peke yake. Ipe mwenzake wa kukaa naye. Mimi Jinamizi la Darwin naliweka pamoja na In the Shadow of the Sun, yaani Katika Kivuli cha Jua, ya Harry Freeland wa Uingereza, iliyotoka mwaka 2012. Nayo inatupeleka Kanda ya Ziwa, hadi Kisiwa cha Ukerewe, na habari yake ni nzito vilevile: wenzetu wenye ualbino katika miaka ile walipokuwa wakiwindwa na kuuawa. Mtengenezaji wake pia ni mgeni. Lakini humo yumo Josephat Torner, mwanaharakati ambaye mwenyewe ana ualbino, anayekwenda kwa miguu yake kwenye jamii zilikotokea mauaji na kuzungumza na watu uso kwa uso. Katika ile ya kwanza anayeuliza ni mwenye kamera. Katika hii anayeuliza ni yule aliyeumizwa. Zitazame siku mbili mfululizo utaona jinsi swali linavyobadilika uzito kulingana na mdomo unaolitoa.

Kisha panda hatua moja zaidi, uone ikiwa mwenye kamera pia ni wa nyumbani. Hapo inabidi tuondoke Mwanza kidogo. Amil Shivji wa Dar es Salaam alitoa T-Junction mwaka 2017. Ni picha ya msichana aliyefiwa na baba ambaye hawakuwa karibu, na hadithi za watu wa njia panda anazosimuliwa na mwenzake waliyekutana hospitalini. Umaskini umo tele, lakini wale watu wana utani, wana urafiki, wana maisha yao baada ya kazi. Mwaka 2021 akatoa Vuta N'Kuvute, Zanzibar ya miaka ya 1950, kutoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi. Nawaomba wenzangu wenye kalamu mlitazame hilo kwa makini: kitabu kilitangulia, kamera ikafuata.

Hapo ndipo linaponigusa mimi. Ninaandika riwaya ya mtaa wangu. Mjomba wangu aliposikia kwamba mapanki yamo ndani alininong'oneza, "Andika mazuri, mjomba. Mabaya mzungu ameshatuandikia." Ni mtu mzima, ananipenda, na haogopi kitu kingine ila jina letu. Lakini sikubaliani naye. Tukiwaachia wageni mabaya yetu, tujue kwamba tumewaachia na haki ya kusema maana yake. Sangara bado anakatwa. Minofu inakwenda kwake, na siku hizi mabondo yake yana bei ambayo babu zetu wasingeiamini. Panki linabaki kwa yule yule. Asipoandikwa na mtu anayejua ugali wake una ladha gani, ataendelea kuwa sura ya kusikitikiwa kwenye runinga ya watu.

Tena hasira ya mwaka 2006 ilikosa jambo moja. Maandamano huisha jioni, na tamko la serikali husahaulika. Picha inabaki, na kila mwaka kuna mtu mpya ulimwenguni anayeitazama na kudhani ametujua. Jibu la picha ni picha nyingine. Jibu la kitabu ni kitabu. Kinyume cha hapo tunapigana na kivuli.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni ndiyo, ni halali, na kwetu sisi wa Mwanza ni zaidi ya halali. Watu wa nje wameshaiona miaka mingi. Kuendelea kuificha ni sawa na mtu kukataa kusoma barua inayomhusu, ilhali majirani wote wameisoma. Tafuta usiku mmoja, nunua bando mkichangiana, kaeni watatu au wanne, na awepo mtu mzima mmoja aliyezifanya kazi zile. Mkifika mahali mnapotaka kusimamisha, simamisheni mzungumze.

Na wewe unayeandika, ukimaliza kutazama usihangaike kunitafuta uniambie kama ni nzuri au mbaya. Kaa chini uandike jioni ya yule mama: alipika nini, na nani alimfungulia mlango.