Msuli na Maana Zake Mbili

 

Ndugu zetu Waislamu, msuli kwa maana yake ya asili ni ile nyama ivutayo mifupa, nasi tunayo zaidi ya 600 mwilini. Lakini tusemapo kwamba fulani "anatunisha misuli", hatukusudii nyama, twakusudia kitisho. Tena Kiswahili chetu kina neno "tafu", nalo ni msuli wa mguu au wa mkono, na mtu ahitajipo msaada husema, "Nipigeni tafu." Tazameni basi: nyama ni ile ile, nayo imezaa misemo miwili, mmoja wa kuogofya na mmoja wa kusaidia. Ni juu ya kila mmoja wetu kujiuliza yeye yumo katika upi.

Na lau tungaliizingatia nyama yenyewe, ingalitufunza. Msuli hauwezi kusukuma. Kazi yake ni kuvuta tu. Kwa hivyo Mola ameipanga misuli ya mkono pande mbili: tukiukunja, wa mbele hujikaza na wa nyuma hulegea, tukiunyosha, huwa kinyume chake. Lau yote miwili ingejikaza pamoja, mkono ungekakamaa usifae kitu. Ndivyo ilivyo nyumba ambayo baina ya mume na mke hapana akubaliye kulegeza, na ndivyo ulivyo msikiti ambao kamati yake imegawanyika makundi mawili, kila moja likivuta kwake.

Kisha na tukitazame kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas. Huko Misri alimpiga mtu ngumi moja, akafa. Hakujisifu kwa nguvu zake, bali aliijua kuwa ni kazi ya shetani, akamwomba Mola wake msamaha. Alipokimbilia Madyan aliwakuta wanawake wawili wamewazuia wanyama wao, wakingoja wachungaji waondoke kisimani, kwa kuwa baba yao ni mzee sana. Akawanyweshea, akaenda zake kivulini, wala hakudai ujira. Ndipo mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, akitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Hakutosheka na moja. Mkono ulioteka maji ni ule ule uliopiga ngumi.

Twawaeleza haya vijana wetu kwa sababu hata leo wako wawatafutao wenye nguvu, wala uaminifu hawauulizi. Kila uchaguzi ukaribiapo, huja mtu na fedha zake kidogo akataka vijana wa kumlinda, na ulinzi huo ukageuka kuwa kuwapiga wengine. Baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika nchi yetu, ikaeleza pia jinsi wanasiasa walivyoyatumia makundi ya vijana. Musa aliajiriwa miaka 8, na kutimiza 10 ilikuwa hiari yake. Malipo yake yalikuwa ndoa na maskani ya amani. Ewe kijana, wewe waukodisha mkono wako kwa siku moja, kisha utasimama mbele ya Mola peke yako, wala aliyekulipa hatakuwapo kukutetea.

Hatusemi kwamba nguvu ni aibu. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba Muumini mwenye nguvu apendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko aliye dhaifu, ingawa kila mmoja ana kheri. Lakini alitufundisha pia kwamba mwenye nguvu hasa si yule awaangushaye watu, bali ni yule aizuiaye nafsi yake wakati wa ghadhabu.

Na moyo nao ni msuli. Hupiga yapata mara 100,000 kwa siku, wala hapana autunishaye barabarani. Mtume wetu ametujulisha kwamba pande hilo la nyama likitengenea, mwili wote hutengenea, na likiharibika, wote huharibika. Basi tuanze na huo.

Mwenyezi Mungu aijaalie mikono yetu iwe ya kuteka maji, si ya kumwaga damu. Amin.