Kamba ya Mtepe na Milango Mitatu ya Elimu

Wahenga wa pwani walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii iliyozaliwa chomboni yafaa kupelekwa katika vyuo vikuu vya leo, ambako elimu imegawiwa vyumba, na kila chumba kina mlango na ufunguo wake. Katika mlango mmoja hufundishwa uhandisi wa viwanda: namna kitu kinavyosanifiwa, kikatengenezwa kwa wingi, kwa ubora na kwa gharama nafuu. Katika mlango wa pili hufundishwa historia, na katika wa tatu masomo ya wanawake. Swali linalozaliwa na mgawanyo huo ni la maadili kabla ya kuwa la ratiba: je, ni haki mtu kudai kwamba anakijua kitu, ilhali hamjui aliyekifanya?

Milango hiyo haikufunguliwa siku moja. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, na historia ikajipatia sifa pale mapema. Walter Rodney alikuwa akisomesha huko kilipotoka, mwaka 1972, kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kitivo cha uhandisi kilifuata mwaka 1973. Katika chuo ndugu cha Makerere, idara ya masomo ya wanawake ilianzishwa mwaka 1991. Kwa hiyo taifa changa lilijifunza kwanza kukumbuka, kisha kutengeneza, na mwishowe kuuliza ni mikono ya nani iliyokuwa ikitengeneza muda wote huo.

Uwekwe basi mtepe mbele ya milango hii mitatu. Mwandishi wa Kigiriki wa karne ya kwanza, aliyetunga kitabu cha safari kiitwacho Periplus, alitaja vyombo vya kushonwa katika pwani hii, na akaeleza kuwa bandari ya Rhapta ilipata jina lake kutokana na vyombo hivyo. Mbao za mtepe hazikupigwa misumari. Zilitobolewa kingoni, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na matundu yakazibwa kwa vijiti. Tanga lake lilikuwa mkeka.

Mwanahistoria asiyebisha hodi kwa mhandisi huenda akahukumu kwamba watu wale walishona kwa sababu hawakuujua msumari. Mhandisi atamsahihisha: ubao ulioshonwa hunyumbuka. Chombo kinapopanda mchangani au kinapopigwa na wimbi, mshono hulegea kidogo na kurudi, pale ambapo ubao uliokazwa ungepasuka. Kadhalika atakiri kasoro yake, kwamba kilivuja, kikahitaji kutolewa maji kila mara na kushonwa upya. Hiyo ni hukumu ya haki, kwani inapima faida na hasara kwa kipimo kimoja.

Lakini hata hapo kamba yenyewe haijaulizwa ilikotoka. Makumbi hufukiwa katika tope la ufukweni kwa miezi mingi hadi yaoze, kisha hufukuliwa, hupondwa kwa magongo, huoshwa, na nyuzi zake husokotwa. Visiwani, kazi hiyo ya matope na jua aghalabu imekuwa ya wanawake. Periplus inazitaja mishono, haimtaji msokotaji. Fundi wa chombo huitwa fundi. Anayeponda makumbi husemwa tu kwamba anaponda makumbi. Na bila ya uzi wake, ujuzi wote wa fundi ni rundo la mbao.

Hapana shaka atatokea wa kupinga. Atasema kwamba maisha ni mafupi, kwamba mtu mmoja hawezi kubobea katika yote, na kwamba daraja bovu haliokolewi na huruma ya aliyelijenga. Hoja hii ina uzito. Umahiri wataka mtu atulie na jambo moja. Hata hivyo, kugawana kazi si kugawana dhamana. Fundi na msokotaji waligawana kazi, lakini bahari haikuwahi kuuliza ni nani kati yao aliyekosea.

Mfano ulio hai ni mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika pwani ya mashariki, na kwa miaka yote hiyo wakulima wake wengi wamekuwa wanawake. Maji ya kina kifupi yalipozidi joto, aina ya mwani yenye bei bora ilianza kuoza na kufa. Watafiti wakashauri ipandwe katika kina kirefu, na zana zikabuniwa, zikiwemo nyavu za mirija. Kwa jicho la ufundi pekee, tatizo limepata dawa. Lakini kina kirefu chataka chombo na chataka kuogelea, na wanawake wengi wa vijiji vile hawakufundishwa kuogelea wala hawakurithishwa vyombo. Hilo halikuandikwa katika hesabu ya joto wala ya mvutano wa kamba. Limeandikwa katika historia ya nyumba na ya ufukwe. Zana isiyoisoma historia hiyo yaweza kumtoa mwenye shamba shambani mwake, pasi na yeyote kukusudia dhuluma. Kwa upande mwingine, anayeihesabu dhuluma hiyo bila ya kuelewa zana, ataweza kuilalamikia tu, hataweza kuiondoa.

Inadhihirika basi kwamba milango mitatu inaelekea chumba kimoja. Mhandisi huuliza kitu kinafanyikaje. Mwanahistoria, tangu lini na kwa nini. Mwanafunzi wa masomo ya wanawake, kwa mikono ya nani na kwa faida ya nani. Anayeliacha moja kati ya maswali hayo hajapungukiwa na adabu peke yake, amepungukiwa na ukweli. Tezi ina kazi yake na omo ina yake, lakini maji ya chombo kizima hukusanyika ngamani. Na kamba, kama wasemavyo waliozisokota, hukatikia pembamba: pale pale ambapo hakuna aliyejishughulisha kutazama.