Kabla ya Kulipa Ada ya Shule ya Kanisa

Mwaka wa shule unapokaribia kwisha, mbao za matangazo za makanisa mengi ya Moshi hujaa karatasi za nafasi za masomo: awali, darasa la kwanza, wanaohamia. Nyingi ni za shule ndogo, zenye mkondo mmoja na watoto ishirini na kitu kwa darasa, zilizoanzishwa na mchungaji au mwalimu mstaafu. Mzazi Mkristo akisoma tangazo hilo huona mambo yamekwisha. Mtoto atasali asubuhi, atajua Kiingereza, hatapotea katika darasa la watoto themanini. Lakini tangu 2016 shule za msingi na sekondari za umma hazitozi ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi cha sita. Anayeamua kulipa anapaswa kujua analipia nini.

Kama analipia dini tu, anapoteza fedha. Shule za serikali zina kipindi cha dini, na Jumapili kuna mafundisho ya watoto kanisani. Wazee wanaposema “shule ya misheni” huwa wanaikumbuka Pugu au Minaki, zilizokuwa za makanisa mpaka zilipotaifishwa baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Seminari ndizo zilizobaki mikononi mwa makanisa. Shule ndogo ya mtaani kwetu haikurithi kitu kutoka huko isipokuwa sifa. Nyuma ya Pugu kulikuwa na kanisa zima. Nyuma ya hii, mara nyingi, kuna mtu mmoja na msalaba uliochorwa getini. Basi muulize mwalimu mkuu, kwa heshima zote: mwenye shule akikosea, nani anaweza kumwambia? Kama kuna bodi inayokutana, utaambiwa mara moja. Kama jibu ni kicheko, umeshajibiwa. Uliza pia walimu wanalipwa lini, maana mwalimu asiyelipwa miezi mitatu ataondoka katikati ya muhula, na mtoto wa miaka saba humwona kama mzazi aliyemkimbia.

Swali ninaloliona zito kuliko yote linahusu mtoto asiyeshika haraka. Tunausifu udogo wa shule, lakini udogo huo huo una kishawishi chake. Shule yenye watahiniwa kumi na wanane wa darasa la saba, wawili wakianguka, wastani wake unashuka kwa macho. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwanzoni mwa 2023, ila matokeo bado yanasomwa shule kwa shule, na wazazi wanayasambaziana kwenye simu. Ndipo mchujo unapoingia. Mtoto anakaririshwa, au mama yake anaitwa ofisini kwa upole na kushauriwa amtafutie “shule itakayomfaa”. Ofisi hiyo hiyo inaweza kuwa na picha ukutani ya mchungaji aliyebeba kondoo mabegani. Mimi nisingempeleka mtoto hapo hata kwa ada nusu. Waombe wakuambie waliokuwa darasa la tano walikuwa wangapi, na wangapi kati yao walifanya mtihani wa la saba. Hizo namba mbili zinasema mengi kuliko bango la ufaulu lililotundikwa barabarani.

Halafu omba kukaa nyuma ya darasa asubuhi nzima. Wakikukatalia bila sababu, shukuru na uende. Katika shule moja ndogo ya kanisa iliyonikubalia nilimwona mwalimu wa darasa la pili akiendelea na hesabu za kutoa huku akielekea dawati la mwisho, ambako mvulana mmoja alikuwa amejikojolea. Alimfunga kanga kiunoni, akamwambia kwa sauti ya kawaida aende kwa matroni akachukue chaki, akarudi ubaoni. Hakuna mtoto aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyepewa nafasi ya kucheka. Kitu cha namna hiyo ndicho cha kulipia.

Fimbo nayo iulizwe waziwazi. Kuna walimu wanaoshika Mithali kana kwamba ni kibali. Kanuni za 2002 haziruhusu zaidi ya viboko vinne, vinatolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na vinaandikwa kitabuni. Omba kukiona kitabu.

Yapo pia yasiyo ya kuidai shule. Mzazi Mlutheri anampeleka mtoto shule ya Wapentekoste, na wiki ya tatu mtoto anamwambia babu yake, aliyeshika kata ya pombe ya mbege mkononi, kwamba ataungua motoni. Usimlaumu mwalimu, aliyemchagua ni wewe. Keti na mtoto umweleze nyumbani kwenu mnaamini nini na kwa nini babu haheshimiwi kwa masharti. Na kama huna la kumweleza, shule haitakuwa nalo kwa niaba yako.

Ndiyo maana siafiki haraka ya bweni. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, na wapo wazazi waliolalamika kuliko wenye shule. Walikuwa wamezoea kumkabidhi mtoto Januari na kumpokea likizo akiwa amenyooka. Wengine kazi zao kweli haziwaachi nyumbani, hao nawaelewa. Lakini mwenye kuweza kumwona mtoto jioni na amwone, akague daftari, amuulize leo nani alilia darasani na mwalimu alifanya nini. Watoto husimulia habari za wenzao kabla ya zao. Ukisikia jina lile lile la mtoto anayedhalilishwa wiki baada ya wiki, usingoje zamu ya wako. Nenda kwa mwalimu mkuu, na ikiwa hakuna kilichobadilika hadi muhula unafungwa, omba barua ya uhamisho.