Je, kupumzika ni uvivu?



Wako mafundi wa programu za kompyuta, watu wa kukaa mbele ya mashine mchana na usiku, ambao wakipata likizo hupanda Kilimanjaro, mita 5,895, kisha hurudi kazini. Sisi twashangaa. Sisi milima tuliipanda tukikimbia, watoto mgongoni.

Lakini tusihukumu haraka. Nabii Eliya naye alikimbia, akachoka hata akaomba afe. Mungu hakumwita mvivu. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, ndipo akatembea siku 40 mpaka mlima Horebu. Huko alirudishwa kazini, akapewa na Elisha wa kumsaidia (1 Wafalme 19). Basi pumziko si uvivu, ni nguvu ya kurudi.

Hata hivyo, yule fundi hapandi peke yake. Wapagazi humbebea mizigo, nayo hupimwa langoni isizidi kilo 20. Je, pumziko langu likiwa mzigo wa mwenzangu, ni la haki? Kumbukumbu la Torati 5:14 yaagiza kwamba siku ya saba hata mtumishi na mgeni wapumzike.

Hapa kambini hatuna likizo. Lakini Jumapili baba hutoka ibadani akakaa kivulini, na mama huenda kuteka maji. Baba, huyo ni mpagazi wako. Jumapili hii shika ndoo wewe, naye akae.

Mungu awabariki. Amina.