Chumba Kilichofungwa kwa Ndani

Somo: Mambo ya Walawi 14:33–53

Vikundi vya wanafunzi wa maigizo huuchagua mara kwa mara mchezo wa Bug wa Mmarekani Tracy Letts, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1996. Mandhari yake ni chumba kimoja cha moteli karibu na Oklahoma City, waigizaji ni wachache, na mapenzi yaliyomo vijana wanayatambua upesi: watu wawili wanakutana usiku, na kabla hawajajuana vizuri wameshaanza kuishi pamoja.

Agnes ni mhudumu wa baa. Mumewe wa zamani, aliyekuwa akimpiga, ametoka gerezani. Mwanawe alipotea dukani miaka mingi iliyopita, hakuonekana tena. Rafiki yake anamletea mgeni, Peter, askari wa zamani wa Vita vya Ghuba, kijana mpole anayesikiliza mtu akizungumza. Usiku Peter anaamka na kusema kitandani kuna mdudu, kidukari. Agnes anatazama, haoni kitu. Anatazama tena. Baada ya muda, anaona.

Hapo ndipo mchezo huu unaponitisha, kuliko damu yote inayofuata. Agnes aliona kwa sababu aliogopa kuachwa. Mwenyewe anakiri kwamba afadhali azungumze na Peter habari za wadudu kuliko kukosa wa kuzungumza naye. Mama aliyepoteza mtoto akisema hivyo, nani atamnyoshea kidole? Lakini tangu usiku ule, hofu ya mmoja inakuwa ushahidi wa mwenzake. Rafiki anayewasihi waende kwa daktari anageuka adui. Kuta zinafunikwa karatasi za alumini. Mwishowe wawili hao wanajimwagia petroli, wakiwa wameshikamana, wakiamini wanapendana. Na ninaamini kweli walipendana.

Kwenye arusi zetu tunapenda kusoma Mhubiri sura ya 4: wawili ni afadhali kuliko mmoja, wakilala pamoja hupata joto. Agnes na Peter walikuwa na hayo yote. Walichokosa ni uzi wa tatu, ule unaotajwa mwishoni mwa maneno hayo. Sisi wahubiri husema uzi huo ni Mungu, nasi twasema kweli. Ila Mungu huyo mara nyingi huingia nyumbani kwa miguu ya shangazi, ya jirani, ya mzee wa kanisa anayebisha hodi bila kualikwa. Vijana wengi leo wameambiwa kwamba mapenzi ni sisi wawili dhidi ya ulimwengu. Mara nyingi anayewaambia hivyo ni mtu aliyeumizwa na ndugu zake, na maumivu yake ni ya kweli.

Sasa tazameni yule mtu wa Mambo ya Walawi. Ameona ukutani kwake mabaka ya kijani au mekundu. Angeweza kupaka chokaa juu yake na kunyamaza. Yeye anatoka, anakwenda kwa kuhani na kusema anahisi kuna pigo nyumbani mwake. Anahisi tu, hana hakika, na hilo linatosha kwa kuhani kufunga safari. Kabla hajaingia, kuhani anaagiza vyombo vyote vitolewe nje, visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Fikirini huruma hiyo: anaokoa mali ya mtu kabla ya kutazama aibu yake. Kisha nyumba inafungwa siku 7. Mawe yenye baka yanang'olewa, kuta zinakwanguliwa, yanawekwa mawe mapya. Kubomoa kunakuja mwisho kabisa, pigo likirudi baada ya hayo yote.

Aliyewahi kuishi na kunguni kwenye nyumba ya kupanga analijua jambo hili. Kunguni hujificha kwenye maungio ya kitanda na mishono ya godoro, hukaa miezi bila kula, na ukipuliza dawa chumbani kwako peke yako, wengine huhamia kwa jirani kupitia ufa wa ukuta, kisha hurudi. Hawamalizwi mpaka mpangaji mmoja avumilie aibu na kuwaambia wenzake. Ndoa yenye kipigo, yenye madeni ya siri, yenye wivu wa kupekua simu usiku, nayo humhitaji mtu wa kwanza kusema.

Ninyi wasimamizi wa ndoa na wazee wa jumuiya, mtu wa namna hiyo akija kwenu juma hili, huenda atakuja na maneno nusu, akisema ni kama kuna kitu nyumbani. Msimdai ushahidi mlangoni. Msimwambie akavumilie. Kama anapigwa, yeye na watoto watoke kwanza. Kuta mtazichunguza baadaye.

Tuombe. Bwana, wafikie waliojifungia wawili wawili na hofu zao. Wape ndugu mmoja wanayeweza kumfungulia. Nasi tutakaofunguliwa mlango, utupe subira ya siku 7, na mikono ya kutoa vyombo nje. Amina.