Mtoto wa Nyumbani Mbele ya Mlango wa Shule

Katika inchi ya Marekani wako wazazi wengi ambao hawapeleki watoto wao shuleni. Kwetu, mtoto akionekana nyumbani saa za masomo, jirani hudhani mara moja kwamba minervali imekosekana. Huko sivyo. Shule ya Serikali, shule ya Leta kama tunavyozoea kusema, iko karibu. Gari lake la manjano hupita njiani kila asubuhi kuchukua watoto, na masomo hayalipwi. Wazazi hao wameamua kwa kusudi. Mama au baba hukaa mezani na watoto, akawafundisha mwenyewe kusoma, hesabu, historia na mambo ya dini. Sheria yawaruhusu katika majimbo yote 50. Mwaka wa 1999 Serikali ya Marekani ilikadiria watoto wa namna hiyo kuwa 850,000. Mwaka wa 2012 walikuwa karibu 1,800,000.

Basi mtoto anakua. Anafika miaka kumi na mitatu, anataka kujifunza kemia, na mama hana chumba chenye chupa na dawa za kufanyia majaribio. Anataka kupiga tarumbeta katika fanfari, na fanfari haipigwi na mtu mmoja. Anataka kucheza mpira, naye ana ndugu wawili tu, mmoja bado anabebwa mgongoni. Wazazi wanarudi kubisha mlango wa ile shule waliyoikataa: «Mtupokelee mtoto kwa saa moja tu kila siku, saa nyingine zote tutamfundisha sisi.» Je, shule yapaswa kumfungulia? Au yaweza kujibu kwa haki: Mlitukataa, basi mbaki huko huko?

Sisi Wakatolika tusilitazame neno hili kama ugomvi wa watu wengine. Katika Marekani Wakatolika walilikuta zamani sana. Mwaka wa 1884 maaskofu wa inchi ile, waliokusanyika Baltimore, waliagiza kila parokia ijenge shule yake. Wakristu wakajenga. Wakalipa kodi kwa ajili ya shule za Serikali, na tena wakatoa mfukoni kwa ajili ya shule za masista. Lakini shule ya masista haikuwa na vyombo vyote. Katika mji wa Altoona, jimbo la Pennsylvania, mwanafunzi wa shule ya parokia aliomba aingie shule ya Serikali kwa masomo ya ufundi wa mikono tu. Alikataliwa. Neno lilifika mbele ya tribinali ya juu ya jimbo, na mwaka wa 1913 waamuzi walisema apokelewe, maana sheria ya jimbo ilikataza kumfungia mtoto masomo hayo kwa sababu tu masomo yake mengine anayapata mahali pengine.

Miaka kumi baadaye hatari ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka wa 1922 watu wa Oregon walipiga kura ya kuweka sheria kwamba kila mtoto wa miaka minane mpaka kumi na sita aende shule ya Serikali, wala si nyingine. Masista wa Majina Matakatifu ya Yezu na Maria walipeleka shauri mbele ya waamuzi. Mwaka wa 1925 Tribinali Kuu ya Marekani iliivunja sheria ile, ikasema kwamba mtoto si kiumbe cha Serikali; wanaomlea wana haki na wajibu wa kumwongoza. Papa Pio wa XI aliitaja hukumu hiyo katika barua yake juu ya malezi ya vijana mwaka wa 1929. Na Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka wa 1965, ulisema wazi kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Sisi wa Kongo nasi twajua uchungu wa kugombania shule: mwaka wa 1954 Waziri Buisseret alifungua shule za Leta zisizo za misioni, mwaka wa 1974 Serikali ilichukua shule za Eklezya, na mwaka wa 1977 yalifanyika mapatano ya kuzirudisha mikononi mwa Eklezya kuziongoza. Haki ya wazazi si neno geni kwetu.

Lakini tuangalie vizuri. Haki ya kumfundisha mtoto nyumbani ni kitu kimoja; haki ya kuchagua kipande cha shule ya wote, kama mtu achaguavyo nyanya sokoni, ni kitu kingine. Ya kwanza haileti ya pili yenyewe.

Waamuzi wa Marekani wameona hivyo pia. Katika mji wa Guthrie, jimbo la Oklahoma, msichana mmoja aliyefundishwa nyumbani kwa sababu za dini alikuwa ameingia katika madarasa machache ya shule ya Serikali, na alifanya vizuri. Alipotaka kuendelea mwaka uliofuata, apate lugha ya kigeni, kuimba na sayansi, wakubwa wa shule waliweka kanuni mpya: hapokelewi mwanafunzi wa nusu siku. Wazazi walishtaki, wakashindwa mwaka wa 1998. Waamuzi walisema haki ya wazazi haifiki mpaka kupanga kila sehemu ya mafundisho ya shule ya Serikali. Katika Michigan, mwaka wa 1984, mwanafunzi wa shule ya Kikristu aliyetaka kupiga muziki katika fanfari ya shule ya Serikali alishinda: tribinali ya jimbo ilisema masomo yale yasiyo ya lazima, kama muziki, yakifunguliwa kwa watoto wa shule, yafunguliwe pia kwa watoto wengine wakaao hapo. Watoto wawili, haja karibu moja, hukumu mbili. Sheria za majimbo hazilingani. Kwa hiyo yatupasa kutafuta haki yenyewe, si kuhesabu kesi.

Neno ambalo wazazi hulisema kwanza ni kodi. «Tunalipa kodi ya nyumba na ya mashamba, na shule inajengwa kwa pesa hiyo. Kwa nini tusipate hata saa moja?» Neno hili hupendeza masikio, lakini kwa maoni yetu halina nguvu kubwa. Mzee asiye na mtoto analipa kodi ile ile. Mjane ambaye watoto wake wamekwisha kuoa na kuolewa analipa pia. Kodi si bei ya kitu dukani. Watu huilipa ili watoto wa mji wasibaki katika ujinga, maana ujinga wa mtoto wa jirani utaniumiza mimi pia siku moja.

Lakini tazameni jinsi neno hili linavyogeuka. Ikiwa kodi si bei, basi shule nayo si duka. Haiwezi kumwambia mtoto: «Wazazi wako hawakununua debe zima, basi hatukupimii kibaba.» Shule ni ya mji wote, kwa watoto wote wa mji, na yule aliye mezani kwa mama yake ni mtoto wa mji. Hakufuta jina lake kwa sababu baba na mama walitumia haki ambayo sheria yenyewe inawapa. Mtu hatozwi faini kwa kutumia haki yake; na kama ingekuwa faini, kwa nini ailipe mtoto?

Sasa wakubwa wa shule hujibu, na jibu lao tusilidharau. Wanasema: Jimbo hutupa pesa kwa kuhesabu vichwa, na mtoto wa saa mbili hahesabiwi. Mwalimu wa sayansi atamfundisha, chupa zitavunjika, na shule haitapata chochote. Hiyo ndiyo sababu iliyotolewa Guthrie. Ni sababu ya kweli, lakini ni sababu ya daftari, na daftari yaweza kuandikwa upya. Iowa ina sheria ya kumwandikisha mtoto wa nyumbani pia katika shule ya Serikali, na kumhesabu kwa sehemu yake. Pennsylvania, jimbo lile la Altoona, liliwafungulia watoto wa nyumbani michezo na vyama vya shule kwa sheria ya mwaka wa 2005, na mwaka wa 2022 likaongeza masomo yenyewe, mpaka robo ya siku. Hatuoni haki katika kumrudisha msichana kutoka darasa lenye kiti kitupu kwa sababu watunga sheria hawajapata nafasi ya kusahihisha hesabu.

Jambo gumu kweli ni mahali pasipo na kiti kitupu. Darasani, mtoto mmoja akiongezwa, wengine wanasogea kidogo. Lakini katika timu ya mpira wanaoanza mchezo ni idadi iliyopangwa. Akiingia mmoja, mwingine anatoka. Na yule anayetoka amekaa shuleni tangu asubuhi, amefanya mitihani ya hesabu, ameadhibiwa alipochelewa. Kisha saa tisa mchana anakuja kijana kutoka nyumbani, amepumzika, anachukua nafasi yake.

Mfano unaojulikana sana ni wa Tim Tebow. Alizaliwa Filipino mwaka wa 1987, wazazi wake wakiwa wamisionari Wabatisti, akafundishwa nyumbani na mama yake. Sheria ya Florida, tangu mwaka wa 1996, iliruhusu watoto wa nyumbani kucheza katika timu za shule. Tebow aliichezea shule ya Nease, akawa mashuhuri, na mwaka wa 2007, akiwa katika universite ya Florida, alipata zawadi ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa mpira wa Kimarekani wa universite. Tangu hapo sheria za namna hii huitwa kwa jina lake. Wanaomsifu hawasemi sana kwamba yeye na mama yake walihamia sehemu ile ili apate kuichezea timu ile. Sheria haikuvunjwa. Lakini mtu aweza kuuliza kama hapo alitafutwa mtoto wa mji au mshindi. Katika Virginia wabunge walipitisha sheria kama hiyo, na Gavana McAuliffe aliikataa mwaka wa 2015, 2016 na 2017, akisema kwamba wanafunzi wa shule wanafungwa na masharti ambayo wale wa nyumbani hawafungwi nayo.

Mkristu akisikia malalamiko ya hao waliokaa shuleni tangu asubuhi, atakumbuka wale vibarua wa shamba la mizabibu walionung'unika kwa sababu waliokuja jioni walipewa dinari moja kama wao. Tusikimbilie kuwafunga mdomo kwa mfano ule. Bwana wa shamba aliwalipa wa asubuhi mshahara wao mzima. Hakuna dinari iliyotoka mkononi mwao. Katika timu nafasi ni moja, na neema ya mmoja ni hasara ya mwingine. Kwa hiyo hapa, zaidi ya darasani, lazima masharti yawe sawa kabisa: akae katika eneo la shule ile, ajiandikishe kabla ya msimu, afike katika kila zoezi, akubali adhabu ya mwalimu wa michezo bila baba yake kuja kufoka, na alama zake zipimwe.

Juu ya alama ndipo penye kishindo. Kijana wa shule akianguka katika hesabu, hachezi. Kijana wa nyumbani anapewa alama na nani? Na mama yake. Hatusemi akina mama ni waongo. Twasema hakuna mama anayepaswa kuwekwa katika jaribu hilo usiku wa kuamkia mchezo mkubwa, mtoto akimtazama. Dawa yake ipo: katika Pennsylvania, tangu sheria ya mwaka wa 1988, kazi za mtoto wa nyumbani hukaguliwa kila mwaka na mtu mwenye ujuzi unaotambuliwa, ambaye si mzazi anayefundisha. Mzazi anayetaka mlango wa shule ufunguliwe hawezi kukataa mkaguzi asipite katika mlango wake mwenyewe.

Na kwa sababu hiyo wako wazazi wa nyumbani ambao hawautaki mlango huo hata kidogo. Wanaogopa kwamba leo utakuja mpira, kesho karatasi za kujaza, na kesho kutwa mtu wa Serikali atakayewaambia wafundishe kitabu gani. Hofu hiyo si ya kijinga. Wanaokumbuka Oregon wanaielewa. Lakini hakuna anayewalazimisha kuleta watoto wao. Mzazi aliye na nguvu ya kukataa shule nzima anayo pia nguvu ya kukataa saa moja. Asimnyime jirani yake saa hiyo ili yeye alale vizuri.

Wazazi wengine nao tungewauliza swali kabla hawajabisha mlango: mtoto mwenyewe anataka nini? Bwana wetu alilelewa Nazareti mikononi mwa Maria na Yosefu, na malezi hayo hayakukosa kitu. Hata hivyo, alipokuwa na miaka kumi na miwili walimkuta hekaluni, ameketi kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Hatuleti habari hiyo kama kifungu cha sheria. Ila inaonyesha kwamba hata katika nyumba takatifu kupita zote mtoto hufika umri wa kutafuta walimu wengine, na wazazi wake wanashangaa. Mtoto kama huyo akifika mlangoni kwa sababu ana njaa ya kujua, apokelewe. Akisukumwa na baba anayetaka kuonyesha kwamba shule ya nyumbani inashinda shule ya Leta, mtoto amegeuzwa bendera, na bendera haiulizwi inataka kupepea wapi.

Abaki yule kijana wa shule ambaye siku ya mchezo ameketi pembeni. Ameumia, na wazazi wake pia. Lakini fikirini: kama mwezi uliopita familia nyingine ingehamia mjini na kuleta kijana mwenye mbio kumpita, angeketi pembeni vile vile, na hakuna mtu katika mji ambaye angesimama kusema kwamba mgeni huyo afungiwe mlango.