Fahali Wawili katika Zizi Moja

Emali ni mji mdogo wa njiani. Barabara kuu ya Mombasa hupita hapo, reli hupita hapo, na hapo ndipo ianziapo barabara ya kwenda Loitokitok. Sokoni Mkamba huleta pojo na mbaazi, Mmasai huleta ng'ombe na mbuzi, na wote wawili hubishana bei kwa Kiswahili. Mgeni apitaye hawezi kujua kwamba mji huu umekatwa na mpaka: sehemu yake moja imo katika Kaunti ya Makueni, na sehemu nyingine imo katika Kaunti ya Kajiado. Mpaka wenyewe ni mkongwe. Mwaka 1963 Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake wakati huo, iliwekwa katika Jimbo la Mashariki, na Kajiado ikawekwa katika Jimbo la Bonde la Ufa.

Lakini upo mpaka mwingine Emali usioweza kuoneshwa kwa kidole, nao ni mpaka wa mamlaka. Askari polisi asimamishaye gari barabarani ni wa serikali ya taifa. Karani akusanyaye ushuru wa soko ni wa kaunti. Barabara kuu ni ya taifa, mnada wa mifugo ni wa kaunti. Mtoto wa chekechea husoma chini ya kaunti, na dada yake aliye sekondari husoma chini ya taifa, ijapokuwa asubuhi wote wawili wametoka nyumba moja na kunywa chai ya birika moja. Watu wale wale, ardhi ile ile, serikali mbili.

Wahenga walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Wako watu walioshika neno hili kama kwamba ni amri, wakadai kuwa nchi yenye serikali za namna mbili haiwezi kutulia mpaka moja imtoe mwenziwe. Methali ni hekima, lakini haikatazwi kupimwa.

Kenya ilikwisha kuipima mara moja. Katiba ya uhuru iligawa nchi katika majimbo saba, mbali na Nairobi, na kila jimbo lilikuwa na baraza lake. Chama cha KADU, kilichoongozwa na Ronald Ngala, kiliamini kwamba makabila madogo yangepata kinga ndani ya majimbo. Chama cha KANU kiliyaona majimbo kuwa kamba ya kuifunga serikali mikono. Watunga katiba walidhani wamejenga boma imara, kwa kuwa vifungu vikuu vya majimbo havikuweza kubadilishwa ila kwa kura tisa katika kila kumi za Seneti. Boma hilo halikuvunjwa kwa shoka. Majimbo yalinyimwa fedha. Mwezi Novemba 1964 KADU ilijivunja na wabunge wake wakahamia KANU. Kisha katiba ikabadilishwa kwa kura halali. Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, mamlaka ya majimbo yalikuwa yamekwisha kuondolewa. Fahali mmoja alikufa kwa njaa, na kifo cha njaa hakina kelele. Mwanafunzi wa historia na atazame jambo hili: ugomvi mkubwa kama ule ulimalizwa na wanasiasa, wala si na mahakimu.

Hapa ndipo lilipo swali letu. Jirani wawili wakigombea mpaka wa shamba, huitwa wazee. Je, serikali mbili zikigombea mpaka wa mamlaka, aitwe nani? Serikali kuu ikijiamulia yenyewe, itajiamulia heri, maana kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Kaunti nazo zikijiamulia, kila moja itasimamisha kizuizi chake barabarani na kutoza kila gari lipitalo, na nchi itakuwa vipande 47. Mamlaka yoyote yanayojipimia mipaka yake hayana mipaka.

Jirani zetu wa Tanzania walilifikiria swali hili kwa njia yao. Katiba yao inaitaja Mahakama Maalumu ya Katiba, ambayo kazi yake ni kutoa uamuzi wa usuluhishi baina ya Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Nusu ya wajumbe wake huteuliwa na upande mmoja, na nusu na upande wa pili; na uamuzi haupiti mpaka theluthi mbili ya kila upande waukubali. Si ya kudumu kama mahakama nyingine, bali hukaa shauri linapotokea. Heshima ya usawa imo katika mpango huu, nami siidharau. Lakini mtu wa tatu yuko wapi? Ikiwa kila mjumbe ameletwa na mmoja wa wagombanao, kikao hicho chafanana na mashauriano ya wakwe kuliko mahakama. Labda ndiyo sababu mizozo ya Muungano, nayo si michache, imepitia katika kamati na mazungumzo ya viongozi, wala haikupitia katika mahakama hiyo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilishika njia nyingine. Iliweka kaunti 47, ikaagiza kwamba zisipewe chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kana kwamba waandishi wake walikuwa wamekumbuka yule fahali aliyekufa kwa njaa. Kisha ikaweka Mahakama ya Juu yenye majaji saba, ambayo serikali ya taifa, chombo chochote cha dola, au serikali ya kaunti yaweza kuiomba maoni juu ya jambo linalohusu kaunti.

Jaribio halikukawia. Mwaka 2013, katika mwaka wa kwanza wa kaunti, Bunge la Taifa lilikadiria shilingi bilioni 210 kuwa fungu la kaunti zote. Seneti, ambayo kazi yake ni kuzilinda kaunti, ikapandisha fungu hadi bilioni 258. Bunge la Taifa halikutaka shauri la Seneti. Mswada ukapelekwa kwa Rais kama ulivyokuwa mwanzo, naye akautia sahihi mwezi Juni. Spika wa Seneti akaenda mahakamani. Tarehe 1 Novemba 2013 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga, mzaliwa wa Kitui, ilisema kwamba mswada wa kugawa mapato wahusu kaunti, na kwamba Seneti haikustahili kurukwa. Jaji mmoja alikataa kukubaliana na wenzake, na kukataa kwake kumeandikwa vile vile, kwa maana mahakama njema haifichi shaka zake.

Kijana mwerevu atainua mkono na kuuliza: majaji hawa walichaguliwa na nani? Wabunge walipigiwa kura, maseneta walipigiwa kura. Kwa nini watu saba wasiopigiwa kura wawaambie waliopigiwa? Swali ni zuri na halistahili kujibiwa kwa haraka. Jibu langu ni kwamba kura humpa mtu haki ya kutumia mamlaka aliyopewa, wala haimpi haki ya kutwaa ya mwenziwe. Mpiga kura wa Emali alimchagua mbunge, akamchagua na seneta na gavana pia, siku ile ile, kwa kidole kile kile chenye wino. Wateule wake wakigombana, kila mmoja atasema ametumwa na yeye. Ni lazima apatikane msomaji wa katiba asiyehitaji kura ya yeyote kati yao.

Hata hivyo mahakama haina jeshi, wala haina hazina. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, Buganda ilikuwa na mamlaka yake ndani ya nchi, nayo yaliandikwa katika katiba. Mwaka 1966 Milton Obote aliiweka kando katiba ile, na tarehe 24 Mei jeshi likaishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Kabaka Mutesa akakimbilia uhamishoni. Baadaye, katika shauri la chifu mmoja aliyewekwa kizuizini, Mahakama Kuu chini ya Jaji Mkuu Udo Udoma ilikubali kwamba katiba mpya ndiyo sheria ya nchi, kwa kuwa mapinduzi yalikuwa yamefaulu. Bunduki ilitangulia, sheria ikaifuata nyuma.

Watu wa Makueni waliona mfano wa kinyume. Mwaka 2014 gavana wao, Profesa Kivutha Kibwana, na baraza la kaunti waligombana vikali, hata mwezi Septemba risasi zikalia huko Wote na watu wakajeruhiwa. Ombi la wananchi likapelekwa kwa Rais, tume ikaundwa, nayo ikashauri serikali ya kaunti isimamishwe. Wengi walitamani hivyo, na sishangai. Raia aliyechoshwa na mafahali hutaka zizi lifungwe tu. Lakini katiba haikumpa Rais ufunguo peke yake: ilitaka tume huru ichunguze, ilitaka idhini ya Seneti, na ilitaka kusimamishwa kusizidi siku 90. Mwezi Septemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuisimamisha. Ugomvi ukarudi kwa wenyewe, na mwaka 2017 wapiga kura wakaamua kwa kura zao. Kibwana akachaguliwa tena.

Mwaka 2019 ugomvi wa fedha ulirudi. Bunge la Taifa lilitaka bilioni 310, Seneti ilitaka bilioni 335, na magavana wakaenda Mahakama ya Juu. Shauri likiwa bado mezani mwa majaji, mabunge mawili yalikaa pamoja, yakapatana mwezi Septemba juu ya bilioni 316.5. Maoni ya mahakama yalitolewa mwaka 2020, wakati fedha zilikuwa zimekwisha kugawanywa.